Kitatange wa Pili Ndani ya Kioo

Nyanchwa, Jumapili, likizo ya Agosti, 1974

Mvua ya alasiri imenyesha kama desturi yake. Imepiga mabati mpaka hatukusikiana, kisha ikaondoka ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Sasa jua limetoka na migomba inatona maji. Nimekaa sebuleni mbele ya sanduku la kioo la samaki, nikiandikia magotini, na mwandiko wangu si mzuri kwa sababu macho hayataki kutoka kwenye kioo.

Amekula.

Lakini nikianza na hilo nitayasahau mengine, nami nataka kuyakumbuka yote, hata yale ya aibu.

Baba hununua vinyago vya mawe laini kwa wachongaji wa Tabaka na kuvipeleka Mombasa, kwa wenye maduka ya watalii. Lori likienda hujaa. Likirudi huwa tupu. Mwaka jana lilirudi na mitungi ya plastiki iliyojaa maji ya bahari, na mfuko wa nailoni uliovimba kwa hewa, na ndani ya mfuko samaki mmoja. Baba alikuwa amekutana na mvuvi anayetega samaki wa rangi ili wapelekwe ng'ambo kwa ndege, akanikumbuka mimi na vitabu vyangu. Watu wa pwani humwita samaki huyo kitatange. Kitabu cha Kiingereza alichoniazima mwalimu wetu wa bayolojia kinamwita samaki malaika. Mimi nilimwita Kwamboka, jina ambalo sisi humpa msichana aliyezaliwa wakati mama yake akivuka mto, kwa kuwa sijui kiumbe mwingine hapa kwetu aliyevuka mito mingi kama yeye.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alisema watu wengine wakiulizwa mali yao husema ng'ombe, na yeye atasema Kwamboka.

Fundi wa mjini alituundia fremu ya chuma, akatia vioo. Ni sanduku refu kama meza yetu ya kulia. Pampu ndogo ya hewa huunguruma mchana na usiku, na sasa sote tumeizoea kiasi kwamba umeme ukikatika tunaamka kwa sababu ya ukimya. Maji yakipungua naongeza maji ya mvua. Mama alidhani natania nilipomwambia kwamba sitii chumvi. Maji ndiyo yanayoruka hewani, chumvi inabaki. Nilimwonyesha kwa sufuria ya maji ya chumvi jikoni akakubali, ila sufuria ilibaki na utando mweupe na bado ananikumbusha.

Kwamboka ni wa rangi ya majani yaliyoanza kukauka, na juu yake kuna madoa ya buluu kana kwamba mtu alimkung'utia kalamu ya wino. Ukingo wa mapezi yake ni wa buluu inayowaka. Ana mwiba shavuni kama wenzake wote wa ukoo wake. Anakula nyama ya samaki iliyokatwakatwa, lakini anachopenda hasa ni chinsaga. Ndiyo, mboga yetu chungu hii hii, iliyochovywa katika maji ya moto kidogo. Nikiingia na jani moja huja mpaka usoni pa maji na kunitazama kwa jicho moja.

Mtu yeyote mwenye kitu kimoja kizuri angeridhika. Mimi nilitaka wa pili.

Siyo tabia yangu kuomba. Mezani nangoja chumvi inifikie yenyewe. Darasani najua jibu na kuliandika pembeni mwa daftari mpaka mwingine alitaje. Lakini tangu Krismasi nilimwomba Baba kitatange mwingine, nikiomba kila lori lilipokuwa likipakiwa, ingawa kitabu kinasema wazi kwamba sanduku moja ni la kitatange mmoja, kwa sababu hawavumiliani. Nilimsomea Baba sentensi hiyo kwa uaminifu. Sikumficha. Akafikiri, kisha akasema: "Nitakuletea. Lakini huyo akiuawa humu ndani, Moraa, sibebi tena bahari."

Alimaanisha maji. Maji ya chumvi lazima yabadilishwe mara kwa mara, na bila mitungi ya Mombasa hata Kwamboka hawezi kuishi. Kwa hiyo nilipokubali niliweka rehani maisha ya wote wawili. Hilo nililiona vizuri siku ya Ijumaa tu, nikiwa nimeshachelewa.

Ijumaa lori lilikwama kwenye matope kabla ya Keroka. Lilipofika nyumbani jua lilikuwa limekaribia mlima, na katika nyumba yetu jua la Ijumaa halimngoji mtu. Mama alikuwa ameshapika chakula cha Sabato, viatu vimepigwa rangi na kupangwa mlangoni, sisi sote tumeoga. Isitoshe, ni wiki ya makambi ya kanisa, na nyanya zangu wawili walikuwa wameteremka kutoka Nyamira na vifurushi vyao kulala kwetu. Wote wawili ni wajane wa Babu, aliyewaoa kabla kanisa halijamfikia. Nyanya Mkubwa ndiye aliyemzaa Baba. Nyanya Mdogo alikuja baadaye.

Baba aliingia na mifuko miwili, siyo mmoja. Katika mmoja alikuwamo kitatange mkubwa kama kiganja cha Baba, sawa na Kwamboka kwa kimo. Sijui niandike nini juu yake. Mwili una milia ya buluu na manjano kutoka kichwani hadi mkiani, mkia wenyewe ni manjano tupu, na machoni amefungwa kitambaa cheusi chenye pindo la buluu. Nilisahau kumsalimu Baba. Katika mfuko wa pili alikuwamo mdogo, si mrefu kuliko kidole changu, buluu iliyokolea kama wino, mwenye duara jeupe ndani ya duara jeupe, kama jiwe limetupwa kwenye maji tulivu. Mvuvi alimwongeza bure.

"Jua," Mama alisema kutoka jikoni.

Niliiacha mifuko ielee juu ya maji ili joto lilingane, nikaingiza maji ya sanduku kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, jicho moja dirishani. Kisha nikawaachia. Nilifanya kila kitu kwa haraka na kwa mpangilio, na niliona fahari kwamba tumemaliza kabla jua halijazama.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Nilimwingiza mgeni katika nyumba ya mtu bila kugusa jiwe hata moja.

Tulipokuwa tukiimba wimbo wa kufungua Sabato, nilisikia nyuma yangu sauti kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Kup. Kup. Kup. Sikujua kwamba samaki hugonga. Ni Kwamboka, akiwa amejipinda ubavu, akimfukuza mgeni toka kona hii hadi ile. Kisha Mama akaniambia nitoe sala. Nilitoa sala fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na Nyanya Mkubwa akasema, "Amina, hata kabla hatujafumba macho."

Asubuhi ya Sabato mgeni alikuwa amejibana nyuma ya bomba la hewa, rangi yake imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, pezi moja limechanika. Kwamboka alikuwa akipita mbele yake kama askari wa zamu. Yule mdogo mwenye duara alizunguka popote alipotaka. Hakuna aliyemgusa.

Nilijua la kufanya kwanza: kumtenga. Nilikwenda jikoni, nikachukua chujio kubwa la plastiki ambalo Mama huoshea mboga. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, mimi nimesimama katikati na chujio kifuani.

"Unafanya nini siku ya leo?" Mama aliuliza.

"Anamtoa ng'ombe kisimani," Baba alijibu kwa niaba yangu. "Imeandikwa."

"Huyo si ng'ombe. Na kisimani ndiko kwao."

"Basi anamtoa kwa mke mwenza. Hilo ni jambo la rehema kuliko ng'ombe."

Nyanya Mdogo alicheka ndani ya kikombe chake cha chai. Nyanya Mkubwa hakucheka. Mama akanitazama mimi, siyo Baba, na nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu aliniambia, "Mtie kwenye chujio. Kumwokoa ni rehema. Lakini usiniguse mawe. Kupanga mawe ni ujenzi, na ujenzi ni kazi."

Kwa hiyo mgeni alishinda Sabato nzima akielea ndani ya chujio la mboga, na Kwamboka akamgongea kutoka nje. Kule makambini nilikaa na Biblia wazi na sikusikia hubiri lolote. Nilikuwa nikifikiri kwamba chujio si nyumba. Mgeni hakutaka kula, na samaki asiyekula katika maji ya kuhesabiwa hana siku nyingi. Naungama pia kwamba nilimchukia Kwamboka kidogo, mimi niliyemlisha mwaka mzima.

Baada ya chakula cha mchana nyanya zangu walivuta viti mpaka mbele ya kioo. Niliketi sakafuni nyuma yao na kitabu, nikijifanya nasoma. Walizungumza Kikisii, lakini maneno yao yamenikaa kichwani hivi.

"Mwenye nyumba ana haki yake," alisema Nyanya Mkubwa. "Huyu wa milia amekuja na nguo za harusi, amesimama mlangoni. Alitarajia apigiwe vigelegele?"

"Mimi nilitarajia," alisema Nyanya Mdogo.

"Wewe ulikuja na kilemba cha manjano."

"Na ukanivunjia chungu siku ileile."

"Kiliteleza."

"Kiliteleza mpaka ukutani."

Wakacheka, na viti vikalia. Nilidhani yameishia hapo. Lakini Nyanya Mdogo aliendelea kumtazama mgeni ndani ya chujio, akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote waliyokaa Kiogoro alikuwa akichota maji adhuhuri, jua likiwaka, ili asikutane na mwenzake njiani. Nyanya Mkubwa alikuwa akimtazama Kwamboka.

"Kiogoro kila jiwe lilikuwa langu," akasema. "Hata ulipoketi, uliketi palipokuwa pangu. Ningefanyaje?"

"Na tulipohamia Nyamira?"

"Nyamira sikujua hata mto uko wapi."

"Tuliutafuta pamoja."

"Tukapotea pamoja. Ukalia."

"Wewe ndiye uliyelia. Na mzee wa watu akatujengea, mlango wako ukitazama huku, wangu kule. Ukipika nyama nilipata harufu, lakini sufuria sikuiona."

"Usichokiona hakikuumizi."

"Harufu iliniuma."

Walirudi kucheka, wakahamia habari ya nani atakaa karibu na nani kesho makambini. Mimi nilikuwa nimeacha kujifanya nasoma.

Kwamboka hakuwa mbaya. Kila jiwe lilikuwa lake.

Sikuweza kumpeleka Nyamira, lakini ningeweza kumletea Nyamira.

Sijawahi kulitazama jua la Sabato kwa uchu namna ile, na naomba radhi kwa anayehusika. Lilipozama, tukaimba, tukasali, na kabla Mama hajamaliza kukunja kitambaa cha meza nilikuwa nimeshaleta mabeseni. Baba alisimama mikono kiunoni akaniuliza nataka nini. Hapo ndipo kwa kawaida ningesema, "Hapana, basi tu." Nilisema: "Baba, vua saa."

Tulijaza mabeseni mawili maji ya sanduku. Kwamboka alitiwa katika beseni moja, mgeni na mdogo katika lingine, yakafunikwa kwa taulo. Mawe yetu si ya baharini. Ni vinyago vya Tabaka vilivyovunjika kabla ya kupakwa nta, kwa kuwa nta ingewaua samaki: tembo aliyepoteza mkonga, kiboko nusu, bakuli kubwa lenye ufa, na mapande makubwa ambayo hayakuwahi kuwa kitu. Tuliyatoa yote. Hata changarawe niliisawazisha upya ili kusibaki bonde lolote ambalo Kwamboka alilifahamu.

Kisha nikajenga. Bakuli nililipindua upande wa kushoto, mdomo ukitazama ukuta. Tembo na mapande mawili vikawa pango la kulia, mlango ukitazama dirisha. Katikati nikapanga vipande virefu, vikafanya kama ua, wenye mapengo ya kupitia lakini si ya kuchungulia kutoka mlango mpaka mlango. Baba alitaka kumweka kiboko mbele kwa sababu ni mzuri.

"Baba, usimweke hapo. Wataonana."

Nilisikia kwamba nimemwamuru Baba, nikatamani sakafu ipasuke. Baba alimtoa kiboko majini, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akauliza kwa adabu kabisa, "Nimweke wapi, fundi?"

Tulizima taa. Nyanya Mdogo akashika tochi iliyofunikwa kwa leso. Nikamtanguliza mdogo, halafu mgeni, na Kwamboka mwisho, ili safari hii yeye ndiye aingie na kuwakuta watu. Nyanya Mkubwa alisema kwamba hiyo ni dharau. Lakini aliinama kutazama, paji la uso likigusa kioo, na hakuondoka mpaka Mama alipomwita kulala.

Leo asubuhi niliamka kabla ya jogoo na sikuthubutu kufungua macho sebuleni. Nilitembea nikipapasa ukuta. Kisha nikasikia pampu tu. Hakuna kup.

Kwamboka alikuwa akizunguka pale palipokuwa na pango lake la zamani, akitafuta. Alikwenda hadi kwenye bakuli, akarudi, akaenda kwa kiboko, akarudi, kama mtu aliyeshuka steji ya mji asioujua. Nilimwonea huruma kweli. Mgeni alitokea upande wa pili wa ua na wote wawili wakasimama. Walijipanua mapezi, wakaonyeshana ubavu, wakazunguka pole pole kama watu wanaosomana nguo. Kwamboka aligonga mara moja. Nikashika chujio.

Halafu Kwamboka akageuka akaingia ndani ya bakuli, na mgeni akarudi chini ya tembo. Ndivyo ilivyokuwa tu. Asubuhi nzima walikutana na kuachana, mara nyingine kwa kufukuzana kidogo, lakini kila mmoja alikuwa na mahali pa kukimbilia, na hakuna aliyefuatwa mpaka ndani.

Watu wa makambi walipita kututazama, kwa kuwa Baba hawezi kunyamaza. Kwa kawaida wageni wakija mimi hukumbuka kazi jikoni. Leo mzee mmoja wa kanisa aliuliza mbona mawe yamepangwa kwa kupeana mgongo, na kabla sijatambua nilikuwa nikimweleza, yeye na wote waliokuwa nyuma yake, habari ya ua na milango, na sauti yangu ilitoka. Nyanya zangu walikaa kwenye viti vyao kama wenye shule.

Lakini mgeni alikuwa hajala. Hilo sikumwambia mtu.

Mvua ilipoanza tulibaki wa nyumbani tu. Nyanya Mdogo alifungua kifurushi chake, akatoa chinsaga aliyoichuma Nyamira, akaichovya kwenye maji ya moto kama nilivyomfundisha, akaniletea jani moja kwenye kiganja. Nilitaka kulitia mwenyewe, lakini nikampa nafasi. Alilishusha upande wa tembo. Nyanya Mkubwa hapohapo akachukua jani lake na kulishusha upande wa bakuli, ili kusiwe na upendeleo. Mvua ilipiga mabati.

Mgeni alitoka. Alilitazama jani kwa jicho hili, akageuka akalitazama kwa jicho lile. Akaondoka. Akarudi. Akaling'ata.

Akaling'ata tena, mpaka likabaki uti wake.

"Amekula chinsaga," alisema Nyanya Mdogo mvua ilipopungua. "Huyo ameshaolewa hapa."

Baba alikohoa, akatoka nje kuangalia lori, ambalo halina shida yoyote. Alipopita nyuma ya kiti changu alisema, kama anayezungumza na ukuta, kwamba Jumatano anapakia, na mitungi ioshwe vizuri.

Kwa hiyo sasa naweza kumpa mgeni jina. Sikuthubutu kabla. Ataitwa Nyaboke, jina linalotokana na asali, kwa ajili ya ile milia ya manjano. Nimeliandika hapa ili liwe rasmi.

Nimebaki na jambo moja, nami nalifikiria kwa furaha zaidi kuliko woga. Ni yule mdogo mwenye duara. Hivi sasa naandika huku nikimtazama: ametoka kwa Kwamboka, amepita kwenye ua, ameingia kwa Nyaboke, amedonoa mabaki ya chinsaga na kutoka. Ni mtoto, anakula nyumba zote mbili, kama mimi nilivyokuwa nikila kwa nyanya wote wawili siku moja na kila mmoja akidhani ndiye aliyenishibisha. Kitabu kinasema maduara hayo ni nguo za utoto. Wakubwa hawamgusi kwa sababu hawamtambui kuwa ni mwenzao. Lakini siku moja maduara yatafifia, milia itaanza kutokea, na kitambaa cheusi kitafunga macho yake, kwa maana yeye ni wa ukoo uleule wa Nyaboke. Siku hiyo watamwona. Nitakuwa wapi mimi siku hiyo? Nitajua kabla ya Kwamboka?

Nyuma ya bomba la hewa, pale mgeni alipojibana asubuhi ya Sabato, kuna kona ambayo jana usiku Baba alitaka kuijaza kwa pande la jiwe lililobaki.

Nilimwambia aiache wazi.